Mbegu za Mwisho za Mchikichi wa Papa Anaclet

Maman Adélaïde, jirani yangu hapa Nyalukemba, mjini Bukavu, ni mbishi kupita kiasi, na nasema hivyo kwa kumpenda. Anauza miche ya maparachichi kando ya barabara, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye mti mmoja: mchikichi wa porini alioachiwa na marehemu baba yake, Papa Anaclet, kule Kamituga. Aina hiyo haionekani tena. Wachimba dhahabu walikuwa wameshafika kwenye mizizi yake, na yeye alijua utaanguka.

Akaokota mbegu. Baridi ya Bukavu inaziua, alishajaribu, kwa hiyo mdogo wake Philémon, anayelima michikichi kwenye joto la Kigoma, akaomba kibali cha kuziingiza Tanzania. Hapa Bukavu mbegu zikakaguliwa, zikapewa cheti kwamba hazina wadudu wala ugonjwa. Kazi ikawa imekwisha. Lakini watu wa kwao wakihamisha mmea huufungia konzi la udongo wa ulikozaliwa, usijisikie mgeni. Basi usiku wa kuagana nazo, Adélaïde akatia kwenye mfuko wa mbegu udongo wa kwa baba yake, Kamituga.

Mpakani Ruzizi, tunapovukia Rwanda kuelekea Tanzania, mkaguzi akafungua mfuko.

“Maman, mbegu peke yake ingepita. Hii udongo ndiyo inakatazwa.”

“Udongo ya papa yangu iko na ugonjwa gani?”

“Sijue. Ndiyo maana inakatazwa.”

Vyote vikachomwa. Nilikuwa naye, na kilichonichoma mimi zaidi ni kwamba yule bwana alikuwa na haki. Wiki hiyohiyo tukapata habari kwamba mchikichi umeanguka. Nikamwambia aache sasa, apumzike. Alinitazama kama niliyemtukania wazazi.

Kumbe alikuwa amebakiza mbegu nyingine chini ya kitambaa kibichi, maana zikikauka zinakufa. Akaanza upya: kibali kingine, ukaguzi mwingine. Alizimenya nyama yote, akaziosha mpaka zikang'aa, akazipanga ndani ya unga wa makaa wenye unyevu, kama alivyoruhusiwa. Ule udongo uliosalia nyumbani akaufunika ndani ya kopo la maziwa.

Mkaguzi alipouliza tena habari za udongo, akajibu kwamba ameuacha nyumbani. Mfuko ukapita.

Miezi ikapita kimya. Tulikuwa uani kwa Adélaïde tunachambua sombe, majani ya muhogo, Philémon alipopiga simu. Nyingi zilioza. Moja imeota.

“Umeiweka mu udongo gani?” Adélaïde akauliza.

“Ya huku, yaya,” akamjibu dada yake. “Hakuna ingine.”

Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

“Basi kwao ni huko,” akasema.

Tangu ahamie Bukavu kutoka Kamituga, miaka yote hii, sijawahi kumsikia akipaita hapa “kwetu”. Jioni ile alitoa lile kopo, akaumwaga udongo wa Kamituga kwenye bustani yake ya Nyalukemba, akauchanganya kwa mikono.