Bahati Chini ya Chumba cha Mama

Mi niliacha shule darasa la tatu, lakini nyumba yangu hapa Kolwezi ina vyumba saba, na hakuna mtu aliyenipa hata tofali moja. Kila mgeni ninamwambia hivyo. Siku nilipokuwa nachimba shimo la choo katika parseli yangu, kiwanja cha nyumba hii, sururu ilitoa jiwe jeusi, zito. Kobalti! Jirani alichungulia juu ya ukuta, akapiga kelele: "Tata, bahati!"

"Bahati gani?" nikamujibu. "Ni mikono hii!"

Choo hakikujengwa. Nilishuka chini, kisha nikaenda pembeni, nikifuata jiwe kama mtaa wote ulivyofanya. Lilipita chini ya jiko, likaingia chini ya chumba cha mama yangu. Nikalifuata.

Katekista mmoja mzee aliniambia kwamba neno bahati si la kwetu, lilikuja na wafanyabiashara wa misafara, waliopita zamani wakitafuta pembe na shaba. Sisi tunalitumia kwa kitu kinachokuangukia bila kukitafuta. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakohoa.

"Basi balituachia neno, bakabeba shaba."

Sasa ukuta wa chumba chake umepasuka, mkono unaingia. Nimemwaga lori tatu za mchanga katika shimo, na mchanga wote umekwenda sijui wapi. Wachimbaji wanachungulia tu, wanakataa kushuka. Nimemupangia mama nyumba nzuri karibu na kanisa.

"Mama, tuhame."

"Tata," ananiita hivyo, yaani baba, kwa sababu nina jina la baba yake, "si weye ulisema hii nyumba hata bomu haiwezi kuiangusha?"

"Nilikuwa najisifu tu, mama."

"Jisifu tena, nisikie."

Ningeweza kumubeba, amebaki mwepesi kama kuku. Lakini ameapa: "Ukinibeba kama mufuko wa majiwe, baraka yangu usingojee." Pesa ninayo, nguvu ninayo. Sijui nizipeleke wapi.

Kule shimoni, kabla ya kuingia, sisi wachimbaji tulikuwa tunagonga mwamba kwa chuma na kusikiliza. Mwamba ukitoa sauti ngumu, unaingia. Mwamba ukilia kama ngoma, ndani ni mtupu, unakimbia. Siku hizi, kila asubuhi, mi napiga magoti mlangoni pa mama na kugonga simenti.

Leo imelia kama ngoma.

"Ingia, tata," mama akajibu kutoka kitandani, kama kila siku.

Nikavua viatu, nikaingia polepole.