Mpigaji wa Uani

Deusdedit wa Runzewe, yule mwenye studio nyuma ya duka la pembejeo, alikuwa na masikio. Hilo hata wasiompenda walikubali. Bati la jirani likigongwa na upepo, atasimamisha kazi nzima mpaka litulie. Mwimbaji akiwa na mafua, atamwambia rudi kesho. Ila masikio hayohayo, jamani, yalikuwa na upande wa uziwi, na uziwi huo ulimgharimu nyumba yake.

Aliishi peke yake. Mkewe, Eufrasia, alimchukua mtoto wao Blessing akarudi kwao Ushetu, kwenye tumbaku. Hapakuwa na ugomvi wa kuitisha wazee. Akufukuzaye hakwambii toka, na Eufrasia alikuwa mwepesi wa kuelewa. Lakini ukimuuliza Deusi, alikuwa na jibu lake tayari: "Mwanamke yule hakuipenda kazi yangu. Hajawahi hata siku moja kuniambia wimbo huu mzuri, huu mbaya." Neno hilo alilala nalo, akaamka nalo. Alipika ugali wa mtu mmoja, na nani asiyejua kwamba ugali wa mtu mmoja haupikiki? Leo bonge la kumshinda, kesho uji. Mara nyingi alinunua chapati akaila akiwa amesimama mlangoni, akiangalia uani, mahali kinu cha Eufrasia kilipobaki na kuku wakinywa humo maji ya mvua.

Siku moja asubuhi akaja Lusia, binti wa marehemu mzee Maduhu, aliyekuwa mpiga zeze.

"Shikamoo, dada Lusia."

"Marahaba. Binti yangu anaolewa, anafanyiwa sendofu ya kumuaga. Ule wimbo wa baba uliourekodi hapa kwako, naomba uutie besi na ngoma, watu wacheze. Babu mtu hayupo, basi angalau sauti yake iwepo."

Deusi akakubali. Rekodi ile aliikumbuka vizuri. Walirekodia uani, maana chumbani siku ile bati lilikuwa linachoma kama kikaango.

Sasa, ukitaka kuongeza ngoma juu ya wimbo wa zamani, lazima kwanza ujue mapigo yake yanaangukia wapi. Kompyuta ya Deusi ilikuwa kuukuu, programu kubwa zinaikaba roho. Kwa hiyo alikuwa na kaprogramu kadogo alikokapata mtandaoni, hakana picha wala kitufe cha kubonyeza. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri kwa mkono, jina la programu na jina la wimbo, unabonyeza Enter. Kenyewe kanausikiliza wimbo, halafu kanakumwagia safu ya namba: pigo hapa, pigo hapa. Ukipenda, kanaweka "tik" kwenye kila pigo ili uhakikishe kwa sikio.

Akaandika amri. Namba zikashuka, zimepangika vizuri kama matuta ya mkulima asiye na papara. Deusi akatabasamu. Kufika katikati ya wimbo, lahaula! Namba zikaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Ah, nawe umeanza wazimu," akaiambia kompyuta. Siku hizi alizoea kuongea nayo.

Halafu akajiuliza. Zeze la mzee Maduhu lilikunwa kwa uta, sauti yake inatiririka tu, haina mgongo. Na mzee aliimba peke yake, bila ngoma. Sasa hiyo nusu ya kwanza, mapigo yaliyonyooka hivyo yametoka wapi? Akavaa hedifoni, akasikiliza zile "tik". Chini ya kila moja palikuwa na kitu kwa mbali. Ko. Ko. Ko.

Ulikuwa mchi. Mtu alikuwa anatwanga uani, nyuma ya mzee, naye yumo ndani ya wimbo hasa, hachelewi, hawahi.

Kisha ikaja sauti ya Deusi mwenyewe, kali, mpaka mwenyewe akashtuka: "Wewe Mama Blessing! Acha kutwanga huko, unaniharibia kazi!"

Mchi ukanyamaza. Zeze likaendelea, lakini likawa linakimbia, linavuta, linakimbia tena. Kumbe hata mzee Maduhu alikuwa ameuegemea mchi ule. Hapo ndipo namba zilipoyumba. Programu haikuwa na wazimu wowote. Ilitafuta mapigo, ikayakosa.

Deusi akarudisha nyuma, akasikiliza tena, safari hii kwa yale masikio yake anayojivunia. Karanga zikiwa kinuni, mchi hulia kwa uzito. Kisamvu nacho kina mlio wake wa majimaji. Huu ulikuwa mkavu, mti juu ya mti. Akavua hedifoni. Akampigia simu Eufrasia.

"Baba Blessing. Kuna nini?"

"Hakuna baya. Sikiliza hiki." Akaisogeza simu kwenye spika ya kompyuta, akaufungulia ule wimbo.

Upande wa pili watu walisikika wakiongea Kisukuma, wakifunga tumbaku. "Hicho ni kinu changu," Eufrasia akasema.

"Siku ile kilikuwa na nini ndani?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Unaniuliza leo? Unga ulikuwa umetoka mashineni. Kinu kilikuwa kitupu, Baba Blessing."

"Kwa nini hukuniambia kwamba wimbo ulikupendeza?"

"Nilikuwa nakuambia. Wewe ulisema unaharibiwa kazi."

"Mama Blessing, njoo. Njoo umalizie tu nusu iliyobaki. Nimekosa, naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, wala usijitese. Lakini siji. Mtoto kashazoea shule ya huku, na mimi nina shamba langu sasa. Huo wimbo nitumie. Ila pale uliponikemea usipaondoe. Paache hivyohivyo." Akakata simu kwa sababu kuna mtu alimwita.

Siku ya kuchukua kazi, Lusia akaketi kwenye kiti kimoja cha studio, kanga begani. Deusi akamfungulia wimbo. Hakuwa ameweka ngoma hata moja, ila besi tu, imelala chini ya mchi. Sauti ya mzee Maduhu ikajaa chumbani na mchi ukiibeba, na Lusia akaanza kutikisa mabega huku machozi yakimtoka.

"Wabeja, Deusi! Asante sana! Na hicho kinu umekitoa wapi? Hapa watu watacheza mpaka viatu viwashinde."

Ghafla wimbo ukaisha. Lusia akasubiri. Akamtazama.

"Mbona umekatikia njiani? Baba aliimba zaidi ya hapo. Iliyobaki iko wapi?"

"Ipo, dada. Lakini haichezeki. Kuanzia hapo hakuna mpigaji."

"Alikwenda wapi?"

Deusi akatazama nje, kwenye kinu cha uani.

"Nilimfukuza," akasema.