Daraja Lililohama Mara Mbili

Kazi yangu ilikuwa kushika mti. Ulikuwa ubao mrefu uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu, wenye tarakimu. Mpima ardhi wetu, Mbelgiji mwembamba asiyevua kofia hata mawingu yakifunga, aliutazama kwa kioo chake akiwa mbali. Akinyoosha mkono wa kulia, nasogea kulia. Akiuteremsha, nasimama pale pale na wenzangu wanapigilia kigingi. Nilijua kusimama wima bila kutikisika. Kigingi chenyewe kilimaanisha nini, hilo sikuambiwa.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Watu wote wa Élisabethville walijua shida ya makutano yale, pale ambapo barabara ya migodini, barabara ya Ruashi na ile itokayo mjini zilikutana juu ya reli. Treni ya shaba ikipita, kizuizi kinashushwa, na baiskeli, malori na akina mama wenye mizigo kichwani wanasubiri hadi jasho linakauka. Basi wakubwa wakaamua lijengwe daraja, magari yapite juu, treni ipite chini, na barabara zote tatu ziungane bila kugongana. Picha yake ilibandikwa ofisini kwa mpima ardhi. Ilifanana na ua lenye petali nyingi, lililochorwa na mtu asiyeinua kalamu. Niliitazama siku nyingi, sikuona mwanzo wake wala mwisho.

Kando ya makutano aliishi mama mmoja mjane, mtu wa kaskazini, ambaye marehemu mume wake alikuwa fundi wa reli. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mihogo michache nyuma, ya kumpatia sombe, mboga ya majani yake. Kila asubuhi aliniita tata, yaani baba.

"Jambo, tata mwenye muti."

"Jambo sana, mama."

"Leo daraja iko napita wapi?"

Nilikuwa nikicheka tu. Lakini siku moja mkono wa mpima ardhi uliteremka nikiwa nimesimama katikati ya mihogo yake, na kigingi kikapigiliwa hapo. Mama alitoka, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Sasa hii iko nasema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimevaa koti la kazi, na majirani walikuwa wamesimama wakinisubiri mimi niseme. Nikasema, "Mama, daraja itapita hapa. Nyumba itaanguka. Afazali uhame mbele ya mvua."

Hakuna barua aliyopelekewa. Lilikuwa neno langu tu, naye aliliamini. Baada ya wiki mbili, yeye na watu wa kanisa lake waliteremsha mabati, wakang'oa milango na kubeba yote hadi kwa shemeji yake, ng'ambo ya kijito. Mlango mmoja niliubeba mimi mwenyewe, nikijiona mtu wa msaada. Kuta zilibaki wazi, na mvua ya kwanza ikazilaza chini.

Mwezi uliofuata mpima ardhi alituambia tung'oe vigingi.

"Vyote, bwana?"

"Vyote."

Watu wa reli walikuwa wameandika kwamba siku moja watatandika nyaya za umeme juu ya njia ya treni, kwa hiyo daraja lazima liinuliwe. Daraja likiinuka, miteremko yake inarefuka, na miteremko mirefu haikuwa na nafasi pale. Heri magari yapite chini ya reli, upande wa pili. Tukapigilia vigingi upande wa pili. Wakachimba shimo kubwa, mvua ikalijaza, vyura wakahamia humo, na pampu ikashindwa. Chuma tulichoahidiwa hakikufika. Ilipokuja karatasi ya tatu ya mchoro, daraja lilirudi juu, lakini mbali zaidi, na lile ua la ofisini likapoteza petali zake zote. Kilichobaki kilikuwa duara moja la kuzunguka, lenye majani katikati.

Nilichanganyikiwa. Nikamwendea mpima ardhi.

"Bwana, ile nyumba ya mama mwenye mihogo..."

"Nyumba gani?"

Nikamweleza. Alivua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi.

"Nani aliambia yeye avunje?"

"Ni miye, bwana."

"Ile kigingi haikukuwa ya barabara," alisema. "Ilikuwa ya kupimia tu."

"Lakini daraja ilikuwa ipite pale?"

"Pengine. Miye pia hapana jua. Barua inatoka mbali."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Pengine. Kama daraja lingepita pale, nilikuwa nimesema kweli. Kama halingepita, nilikuwa nimevunja nyumba ya mjane kwa mdomo. Mke wangu alinisikiliza, akasema hayo yote hayampi mama mahali pa kulala. Niende nikamwambie.

Nilimkuta Jumapili kwa shemeji yake, akisonga bukari, ugali wetu, kwenye jiko la watu wengine. Nilimwambia yote, hata habari ya kupimia tu.

"Kumbe muti yako haikujua," alisema.

"Haikujua, mama."

"Na weye?"

"Na miye sikujua."

"Sasa juu ya nini ulisema? Sababu gani?"

Alisonga bukari hadi ikakaza, akaifunika.

"Kesho, kisha kazi, ukuje na jembe."

Kila jioni nikitoka kazini tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanyaga kwa miguu, tukafyatua matofali majira yote ya kiangazi. Mke wangu alichota maji. Hakuna mkubwa aliyekuja kutukataza, na hilo nalo sikulielewa, kwa maana siku zote tuliambiwa ardhi ile inatakiwa. Kuta zilisimama pale pale zilipokuwa, na mabati yakapanda kabla ya mvua. Daraja lenyewe lilimalizika nikiwa nimeshaacha kazi ile. Nilisikia madereva wa kwanza walizunguka duara mara tatu, wakitafuta pa kutokea.

Siku ya mama kuingia nyumbani, padri alibariki mlango na watu wakala. Mama alinipa sahani ya bukari na samaki, sawa na ya kila mtu, si kubwa wala ndogo. Njiani mke wangu aliniuliza, "Amekusamehe?" Nilimwambia sijui. Tangu siku hiyo mama alinisalimu vizuri kila tulipokutana, hadi alipohamia kwa binti yake Kilwa, ile ya kwetu ziwani, si ya pwani, na sikupata kumwuliza. Nimezeeka sasa, na bado sijui niihesabu vipi sahani ile.