Mkono wa Dada na Tangi la Daktari wa Ngozi

Dada yangu mkubwa alifanya usafi kwa miaka sita katika kliniki ya daktari wa ngozi. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo: vyumba vitatu, korido nyembamba, na sebule ya kusubiria ambako palikaa tangi la samaki refu kama kitanda cha mtoto. Daktari alilinunua ili wagonjwa wasishinde wakitazamana vidonda.

Kulitunza hakukuwa kazi ya mtu, kwa hiyo ikawa kazi ya dada.

Mwezi wa kwanza samaki wanne walielea juu, wamekufa. Mwanamke wa mapokezi aliwaopoa kwa kijiko, akasema watanunuliwa wengine. Dada hakuridhika. Alipiga magoti na tambara lake mkononi, akawachungulia waliobaki. Aliona madoa meupe mapezini, kama mtu amewanyunyizia chumvi, na walikuwa wanajisugua kwenye mawe kama wanaowashwa. Siku hiyohiyo alipita kwa muuza samaki wa mapambo, jamaa mmoja mcheshi mwenye kibanda nyuma ya soko.

"Hao wana wadudu," jamaa akamwambia. "Ongeza joto la maji kidogo kidogo, utie dawa hii. Na madoa yakitoka usiache, endelea. Mdudu akiwa ndani ya ngozi dawa haimpati. Inampata akishadondoka majini kutafuta samaki mwingine."

"Na ule mkaa kwenye chujio?"

"Utoe kwanza. La sivyo mkaa utainywa dawa yote, wewe ubaki unatibu maji."

Samaki walipona, na dada akanogewa. Kufikia mwaka wa pili alijua kwamba nyuzi kama pamba juu ya kidonda ni kuvu. Kwamba pezi likichakaa kama shuka kuukuu, unashuku maji kabla ya kukimbilia dawa. Na kwamba samaki anayeng'aa kama kapakwa vumbi la dhahabu anataka giza pamoja na dawa. Samaki wapya aliwaweka wiki tatu kwenye ndoo kubwa, ndani ya stoo ya mifagio. "Wageni hawaingii chumbani kabla sijawajua," alikuwa akisema. Muuza samaki akambandika jina la Mama Samaki, na sisi nyumbani tukalidaka.

Wagonjwa walilisifu tangi. Daktari akawajibu, "Nawatibu mwenyewe. Ngozi ni ngozi tu." Dada alisikia maneno hayo akiwa anapiga deki miguuni pake. Alitusimulia akicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Mwaka wa sita, dada akiwa mapumzikoni, daktari alipewa samaki na rafiki yake, akawamwaga tangini moja kwa moja. Baada ya wiki chache samaki walianza kukonda. Matumbo yaliingia ndani, vidonda vyekundu vikagoma kupona, na mmoja akapinda mgongo. Muuza samaki alipoelezwa, aliacha utani.

"Mama Samaki, hiyo haina dawa. Watoe wote, tangi lisafishwe kwa klorini. Na usitie mkono mtupu humo. Ugonjwa huo unampata hata mtu."

Dada akaenda kwa daktari, akamweleza neno kwa neno.

"Wiki ijayo nina wageni," daktari akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Siwezi kuwapokea na tangi tupu. Wewe ng'arisha kioo tu."

Dada akaomba glavu mapokezi. "Glavu ni za wagonjwa, dada," akajibiwa.

Alikuwa na mchubuko kwenye kidole cha kati. Alitia mkono, kwa sababu kioo kilitakiwa king'ae. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakukataa, alinikazia macho. "Mdogo wangu, ningekataa, kesho ningefanya kazi kwa nani?"

Uvimbe wa kwanza ulitokea kidoleni, wa pili kwenye kiwiko cha mkono, kisha ukaja mwingine na mwingine, unapanda kuelekea juu. Alimwonyesha daktari koridoni. "Ni sabuni hizo. Paka mafuta," daktari akasema, wala hakusimama. Mwezi wa saba tangu uvimbe utokee, mgonjwa mmoja alilalamika kwamba mfagiaji ana mikono ya kutisha. Daktari akamwita dada ofisini.

"Hii ni kliniki ya ngozi, mama. Watu wakikuona, watanisemaje?"

Akaachishwa kazi.

Nilimpeleka hospitali ya umma. Tabibu, binti mdogo kuliko mimi, aliushika mkono, akaufuata msururu wa vivimbe kwa ncha ya kalamu. "Mama, mkono huu unaingia kwenye maji gani?" Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hivyo. Akapimwa, ikathibitika ni ugonjwa ule wa samaki, akameza vidonge karibu nusu mwaka. Vidonda vikafunga, lakini kidole kikagoma kukunjika mpaka leo.

Habari za ugonjwa huo zilimfikia daktari wa kliniki, akatuita. Kwa mara ya kwanza alinyanyuka kumpokea dada. Mezani alikuwa ametandika kitambaa cha bluu, na kamera pembeni.

"Kisa cha nadra sana. Nitakionyesha kwenye mkutano wa madaktari. Weka mkono hapa."

"Daktari, nilipita mbele yako kila asubuhi na mkono huu," dada akasema. "Leo ndiyo unauona?"

Daktari alikuwa anarekebisha taa. "Ugeuze kidogo."

Dada aliuficha mkono ndani ya mtandio, tukashuka ngazi bila kuaga.

Sasa anakunja shuka kwenye duka la dobi. Majuzi yule tabibu alitupigia simu. Alikuwa mkutanoni, akamsikia daktari akisimulia kisa hicho bila picha: mfanyakazi mmoja, alisema, aliyepuuza maonyo na kutia mkono mtupu kwenye maji machafu.

Nilimfikishia dada. Aliniomba nirudie neno moja.

"Aliyepuuza?"

"Ndivyo alivyosema, dada."

Alilinganisha pindo za shuka, akaikunja, akavuta nyingine.