Mayu Alipokataa Kurithiwa

Baba alikufa msimu wa kulima, mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha udongo wa Kishapu na plau yake ingali imeegemezwa ukutani. Vita vya pili vya wazungu vilikuwa bado havijaisha. Kifua kilimbana siku nne. Siku ya tano asubuhi nilitumwa kuchota maji, na niliporudi nikakuta wanawake wameketi chini, hakuna aliyenisaidia kutua mtungi. Nilisimama nao kichwani mpaka shingo ikaniuma. Ndipo nikajua.

Nilikuwa binti wa miaka saba hivi. Dada yangu alikuwa na kumi na mitatu, na mdogo wetu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Mama yetu tulimwita mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na mpaka siku ile sikuwahi kumsikia akibishana na mtu.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa uani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa zamani, kwa hiyo mayu na sisi watoto tulihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Kwa desturi, mdogo wake marehemu ndiye angemrithi mjane. Huyo baba mdogo alikuwa mtu mpole, ana wake wawili tayari, na siku ile alikaa akitazama vidole vya miguu yake kama mtu aliyeshtakiwa.

Wazee walisema yao. Walipomaliza, mayu akapiga magoti.

"Nimewasikia, wazee wangu," alisema. "Na shemeji sina ugomvi naye. Lakini mume nilikuwa naye, amekufa. Sitaki mwingine. Niacheni nilee watoto hawa hapa hapa."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwuliza, "Nani atakulimia?"

"Nitalima mwenyewe."

"Kwa jembe la mkono? Shamba lote lile?"

"Kwa plau. Ng'ombe wapo."

Mtu mmoja akacheka. Wakati ule mwanamke hakushika plau. Ng'ombe na kila kilichofungwa kwenye shingo ya ng'ombe vilikuwa vya wanaume. Kicheko kile kilikuwa kinaanza kuenea, ndipo bibi yetu, mama yake baba, akazungumza kutoka alikokuwa ameketi mlangoni.

"Mimi nilirithiwa," alisema.

Wazee wakamgeukia.

"Mume wangu alipokufa mlinikabidhi kwa ndugu yake. Sikupigwa, wala sikunyimwa chakula. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Huyu ameulizwa, naye amejibu. Sasa mnataka nini tena?"

Baba mdogo akainua kichwa. "Mimi sina neno," alisema, na nilimwona akishusha pumzi.

Ndivyo tulivyoanza kulima. Dada alitangulia mbele akiwashika ng'ombe kamba, mimi nilitembea ubavuni na fimbo, mayu akashika mikono ya plau nyuma. Bibi alikaa pembeni ya shamba na mdogo wetu mapajani. Mfuo wa kwanza ulikwenda kama nyoka. Wa pili plau iliruka juu ya mzizi ikampiga mayu kwenye ugoko, akakaa chini, akaushika mguu wake, akainuka. Wapita njia walisimama kututazama. Jirani mmoja alisema kwa sauti ili tusikie kwamba mwanamke akishika plau, mvua hukimbia.

Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri, wala hakuna aliyemtaja mayu. Miaka miwili iliyofuata ilikata, na wote wakamkumbuka.

Hawakumfukuza. Ila ukienda kisimani wanawake wananyamaza. Dada alirudi siku moja akilia, amemwaga maji njiani, hataki kusema aliambiwa nini. Mtama ulikauka ukiwa urefu wa goti. Tulikula michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, asubuhi na jioni, mpaka nayo ikaanza kupungua. Wakati huo watu wengi wa kwetu walikuwa wanahama kwenda upande wa Geita, ambako ilisemekana ardhi bado nyeusi na miti haijakatwa. Mayu akaamua na sisi twende.

Bibi akakataa. "Kaburi la mwanangu liko hapa," alisema. "Nendeni nyie."

Baba mdogo aliahidi kumtunza. Asubuhi ya kuondoka mayu alipiga magoti mbele ya bibi muda mrefu. Kisha tukaondoka: ng'ombe wanne, punda mmoja amebeba mtama wa mbegu, na plau imefunguliwa vipande vipande. Mdogo wetu alikuwa anatembea mwenyewe, lakini alichoka haraka, tukawa tunambeba kwa zamu.

Siku ya nne tulikuwa tumeshaupita mji wa Shinyanga. Tulikuwa tumepumzika mchana, ng'ombe wakila majani makavu kando ya njia, dada aliposimama ghafla.

"Mayu, tazama. Yule si baba mdogo?"

Alikuwa yeye. Alikuwa anasukuma baiskeli yake, shati limelowa jasho, na kwenye keria ya nyuma, amefungwa kwa kamba ya katani asije akaanguka, alikuwa amekaa bibi. Miguu yake miembamba ilining'inia upande mmoja. Kichwani alijitwisha furushi la nguo zake zote.

Mayu alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

"Amekataa kula tangu mlipoondoka," baba mdogo alisema akihema. "Siku ya kwanza nilidhani ni huzuni tu. Siku ya pili nikamwuliza, mayu, unataka kufa? Akanijibu, lete baiskeli."

Bibi hakutaka hayo yasemwe mbele yetu. Alipofunguliwa kamba alishindwa kusimama, magoti yamekufa ganzi, ikabidi mayu amshike kwapani. Hata hivyo aliingiza mkono ndani ya kanga yake, akatoa mwiko.

"Mmesahau mwiko wenu," alisema kwa ukali.

"Sikuusahau, mayu," alijibu mama yetu. "Nilikuachia wewe."

"Nisonge ugali na nani? Peke yangu?"

Hapo mayu akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na watu wa kuwahudumia. Alilia ameshika mikono ya mama mkwe wake katikati ya njia, na baba mdogo akageuka akajifanya anakagua mnyororo wa baiskeli.

Tulifika upande wa Kharumwa, huko Geita, tukiwa wengi kuliko tulivyoondoka. Mwanangwa wa pale, mkuu wa kijiji aliyegawa ardhi, alitupokea vizuri. Alitupa maji, akauliza habari za Kishapu, akawatazama ng'ombe wetu. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Basi, bwana, nikuonyeshe shamba lenu, wewe na mkeo."

Ilikuwa rahisi tu kunyamaza. Nadhani hata mayu alitegemea anyamaze, tupate ardhi, mengine yafuate. Lakini baba mdogo alitikisa kichwa.

"Si mke wangu," alisema. "Mume wake alikuwa kaka yangu, amekufa. Mimi nitarudi kwetu. Shamba mpe yeye."

"Mwanamke peke yake? Porini huku?"

"Analima kwa plau," baba mdogo alisema. "Mimi nimemwona. Analima kuliko mimi."

Mwanangwa alifikiri sana. Akasema atampa msimu mmoja, aone.

Baba mdogo alikaa nasi mwezi mzima. Alikata miti, akang'oa visiki, akatujengea nyumba ya fito na udongo. Siku aliyopanda baiskeli yake kurudi, mayu alimsindikiza hadi kijito cha kwanza. "Nenda salama, kaka," alimwambia. Tangu siku ile hakumwita tena shemeji.

Si kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mbung'o waliua ng'ombe wetu wawili mwaka wa kwanza, tukalima nusu ya shamba kwa jembe la mkono, viganja vyangu vikapasuka. Lakini pamba ilikubali, na mahindi pia, na msimu ulipokwisha mwanangwa alipita, akatazama vihenge vyetu vya nafaka, hakusema kitu kuhusu msimu mmoja. Majirani walikuwa watu wa kila namna: Wasumbwa, Wazinza, wengine waliokuja kufuata dhahabu ya Geita, wakachoka nayo, wakachukua majembe. Hakuna aliyejua habari za mvua za Kishapu. Katekista mmoja alifundisha watoto kusoma chini ya banda la nyasi, na mayu akanipeleka, ingawa palizi ilikuwa inanihitaji.

Dada alipochumbiwa, baba mdogo alikuja kutoka Kishapu kusimama mahali pa baba, kama ilivyostahili. Kabla ng'ombe hawajapokelewa mayu alimwita dada mbele ya watu wote. "Mwanangu, unamtaka?" Dada akaona haya, akafunika uso kwa kanga, akasema anamtaka. Alikuwa anamtaka sana, sote tulijua. Wamezaa watoto wanane.

Bibi alikufa wakati wa mavuno, ameketi akipukuchua mahindi. Tulimzika nyuma ya nyumba aliyojenga mwanawe. Mdogo wetu, alipoota ndevu, aliingia mgodini, akafundishwa kutengeneza pampu za kunyonya maji, akawa fundi. Wajukuu zake leo wanashona, wanafundisha, wanaendesha malori. Mmoja ni sista.

Mimi niliolewa na fundi cherehani wa Shinyanga mjini, tukapanga chumba sehemu ambayo leo inaitwa Kambarage. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nilituma salamu kwa mayu kupitia dereva wa lori la pamba. Baada ya siku sita mayu alitokea mlangoni, vumbi hadi kope, na kuku wawili wamefungwa miguu. Hakunisalimu hata. Alinawa mikono, akamchukua binti yangu, akamgeuza huku na huku, akamnusa kichwani.

"Amefanana na nani?" nilimwuliza.

"Bado hajafanana na mtu," alisema. "Mwache kwanza."

Alikaa nami wiki tatu. Alimwogesha mtoto, akanipikia uji, akagombana na mume wangu kuhusu moshi wa sigara zake, wakapatana. Kisha akasema magugu hayamsubiri mtu, anarudi. Nilimsindikiza kwenye maegesho ya malori, mtoto mgongoni. Alipandishwa nyuma, akaketi juu ya magunia matupu karibu na mwanamke asiyemjua. Lori lilipoanza kuondoka nilipunga mkono. Lakini mayu alikuwa ameshaanza kumweleza yule mwanamke jambo fulani, anaonyesha kwa mikono miwili, na yule mwanamke anacheka. Wakaenda hivyo mpaka vumbi likawafunika.