Jenerali na Taifa Lake la Plaiwudi

Kaka yangu ni fundi makochi. Mikono yake ni ya dhahabu, hilo simnyimi; akilivalisha kochi bovu kitambaa kipya, utadhani limetoka dukani jana. Mdomo wake ndio balaa. Mtaani wanamwita Jenerali, naye anadhani ni heshima.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, yeye, kinyozi na mwalimu mstaafu hujifungia karakana, wakainamia ramani iliyochorwa kwenye ubao wa plaiwudi. Wanarusha dadu na kucheza historia ambayo haikutokea. Katika historia yao, vita vya zamani kati ya watu wa vilimani, ambao ndio sisi, na watu wa bondeni haviishi kwa ushindi bali kwa kuoana. Vizazi vinapita, na ubaoni linazaliwa taifa la watu waliochanganyika lugha, mapishi na nyimbo.

Taifa hilo likakosa jina. Kinyozi alitaka waunganishe majina ya pande zote mbili, la vilimani litangulie. Mwalimu akataka litangulie la bondeni, kwa kuwa akina mama ndiko walikotoka. Wazee wazima wakanuniana, mpaka mwalimu akawa anatembea na nywele zimemfunika masikio kwa sababu kinyozi hataki kumgusa. Jenerali akaitisha kikao cha suluhu na kutoa hotuba.

"Hawa si nusu ya mtu yeyote," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni watu kamili. Wanastahili jina lao wenyewe."

Machozi, jamani, kwa ajili ya watu wa plaiwudi.

Binti yake alikuwa mlangoni na sinia la chai, nami nyuma yake. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemwomba ruhusa ya kuolewa na fundi bomba, kijana mpole, mchapakazi, mtu wa bondeni. Jibu alilopewa nililisikia mwenyewe, maana nilikuwa jikoni na wifi yangu: "Uniletee wajukuu wasio na kwao? Labda nife kwanza."

Binti akaingia, akaliweka sinia juu ya bahari ya ile ramani. "Baba, hao unaowalilia, babu yao alikubali vipi?"

Kinyozi akaanza kuchunguza kucha zake. Mwalimu akakoroga chai ambayo hajatia sukari.

"Huu ni mchezo, mwanangu," Jenerali akasema. "Usichanganye mambo."

Nilishindwa kujizuia. Nikaingia nikamwambia mbele ya wenzake kwamba huruma yake inaishia ukingoni mwa ubao. Akanijibu kuwa wanawake hatuelewi historia, kisha akaomba dadu.

Binti aliolewa hivyo hivyo. Mimi na wifi ndio tuliosimama naye. Jenerali siku hiyo alishinda karakana akigongelea misumari kochi ambalo hakuna aliyeliagiza, eti ana msimamo.

Sasa mtoto amezaliwa. Ubaoni nako mambo yamekamilika: jina la taifa limepatikana, zuri kweli, limeandikwa kwa rangi nyekundu, na kila mteja anayeleta kochi lazima aelezwe maana yake kabla ya kupimiwa kitambaa. Juzi Jenerali mwenyewe alikuja kwangu. Akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia sponji za siku hizi zinavyobonyea upesi. Mwishowe akauliza, macho sakafuni:

"Hivi yule mtoto wamemwita nani?"

Nilimhurumia, lakini si sana. Jina nalijua, nimembeba mtoto mwenyewe, nimemwimbia.

"Nenda kamuulize mama yake," nikamwambia. "Ni mtaa wa pili tu."

Akamaliza chai yake, akaniaga. Nilimwangalia kupitia dirisha. Alipofika njia panda alisimama kitambo, akajifuta uso kwa leso, kisha akashika njia ya karakana.