Kilichokuwa Kikikwaruza Ukutani

Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena. Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, ndivyo ukuta wa chumba chetu ulivyokuwa ukisema usiku mkubwa, ghorofani mtaa wa Malindi, katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Nilikuwa nikilala kitanda kimoja na Bibi, mama yake baba, na mdogo wangu Nasri kwenye mkeka upande wa ukutani. Nikiisikia sauti ile najifunika shuka mpaka kichwani, kwa joto lile, nasoma visura vya Kurani ninavyovijua, navichanganya, naanza upya.

Bibi naye alikuwa akiisikia. "Nyumba hii ina wenyewe," alituambia. "Kuna kitu humu kinamnyonya mtoto damu."

Mama hakubisha, maana Nasri kweli alikuwa anakwisha. Alikuwa na miaka mitano, katoka Makunduchi kwao Bibi, alikokaa msimu mzima akicheza miguu peku shambani, na tangu arudi alikuwa akififia tu, midomo imepauka, uso umejaa, akipanda ngazi anakaa katikati apumue. Tukimtania, "Shikamoo, babu," naye anajibu, "Marahaba," tunacheka. Siku moja akashindwa kujibu, na hapo hakuna aliyecheka.

Bibi akafukiza ubani, akamnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini. Mama akataka kumpeleka kituo cha afya.

"Wakamtoboe?" Bibi akasema. "Mtoto damu hana, nyinyi mwende mkaitoe hata hiyo iliyobaki. Mwenye shetani hachomwi sindano."

Baba akamsikiliza mama yake, na mambo yakaishia hapo.

Usiku mmoja nilibanwa na mkojo na sauti ikaanza. Kumwamsha Bibi niliogopa, kujikojolea niliogopa zaidi, basi nikachukua tochi, nikamulika. Nasri alikuwa amekaa kitako, kucha zimo ukutani, mdomo mweupe wote, anatafuna chokaa kama mtu anayekula halua.

"Tamu?" nikamnong'oneza, maana sikujua la kusema.

"Inanukia mvua. Usimwambie mtu, Dada. Bibi atanichapa."

Nikamwahidi. Nikaishika ahadi yangu, naye miguu ikamvimba.

Siku ambayo Bibi alikwenda mazikoni, Mama alimbeba Nasri mgongoni mpaka kituoni, hata ruhusa hakuomba, nami nyuma nimeshika viatu vyake. Daktari akamvuta ukope wa chini akatazama ndani, peupe kama tui, akamtazama viganja na ulimi.

"Anakula udongo huyu? Mchanga?"

"Hapana, daktari. Hata chakula chenyewe hali."

Nasri akanitazama. Mpaka leo nnayakumbuka macho yale.

"Anakula ukuta," nikasema.

"Ukuta gani?"

"Wa kwetu."

Daktari hakucheka. Akatwambia tulete choo chake ndani ya kibiriti, na kilipopimwa ikaonekana ni safura, minyoo midogo inayoingia kwa nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, ikang'ang'ania utumbo na kunyonya damu, na aliyepungukiwa damu hutamani udongo na chokaa. Akampa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akasema ale maini na avae viatu, na choo kitakuwa cheusi, tusiogope.

Bibi hakuambiwa hilo la choo. Alipokiona, "Kinatoka hicho," akasema, akafukiza ubani wa kukiaga. Na Mama alipomweleza yote, hakutikisika. "Mimi nilisema. Nilisema kuna kitu kinamnyonya damu."

"Ulisema, mama," Mama akajibu, akaendelea kukata maini.

Nasri akapona, ukuta ukanyamaza. Kweli Bibi alisema. Kitu kilikuwepo na damu kilikuwa kikinyonya, ila Bibi alikitafuta ukutani, na sisi tuliobaki tulikuwa na hofu hata ya kukitafuta.

Sasa nna binti yangu, jina lake silitaji. Jana usiku nimeisikia tena, kwaru, kwaru, na mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, minyoo nimeijibia mtihani, lakini nikaanza visura, nikavichanganya vile vile, nusura nimwamshe baba yake nimwambie nyumba ina wenyewe. Kisha nikakumbuka tochi. Alikuwa pembeni mwa dirisha, kidole mdomoni, vumbi jeupe mashavuni. Nikamvuta ukope. Kwa mwanga wa tochi sikuona vizuri.

"Mama, usimwambie mtu."

Nikamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, nikamlaza kifuani.

"Asubuhi namwambia daktari," nikamwambia. "Mwengine simwambii."